Nguo Zote za Aicha

Kabambare, Jumamosi 9 Novemba 2024

Mama mpendwa, salaam aleikum. Goti limepoa? Sisi wazima, mimi zaidi ya mzima: wiki ya sita ya ndoa, na bado Zuberi akikohoa tu barazani moyo wangu unaruka!

Mjukuu wako Aicha huyo, dereva Dady amempakia kwenye pikipiki yake. Tangu mama yake, binti yako Amisa, afariki, Mungu amrehemu, hajalala kwako. Ana miaka minne tu, lakini jana alilala na viatu miguuni, asije akachelewa! Ni usiku mmoja; kesho Dady atamrudisha. Valizi yake ya nguo nimeifunga mwenyewe. Ifungue uone.

Mwanao mpya,
Latifa

Wamaza, Jumapili 10 Novemba

Latifa, aleikum salaam. Goti bado lipo.

Mtoto alifika, akala bugali na sombe, akalala ameshika sikio langu. Ndipo nikafungua valizi. Nguo kumi na moja! Za Idi, za baridi, zote. Barua yako inasema usiku mmoja, valizi inasema maisha yake yote. Mimi ni mzee, najua: mtoto wa marehemu akiletwa kwa bibi na nguo zake zote, amerudishwa. Mngeniambia wazi tu. Nitamlea. Dady anarudi peke yake.

Bibi ya Aicha

Kabambare, Jumapili jioni

Mama, salaam aleikum, na goti nitaliuliza mwishoni, nisamehe.

Dady alisimama mlangoni: "Mutoto iko kwa bibi yake. Anasema mumemurudisha." Nikakaa chini palepale. Zuberi akasoma barua, akanishika mkono. "Mpenzi, ulimfungia nguo zote?"

Zote! Ni majivuno, Mama. Mbili nilizishona mwenyewe. Nilitaka uzitoe moja moja, useme: huyu msichana anamtunza mjukuu wangu. Nilisoma Kasongo mpaka diploma, na hili la nguo zote hakuna aliyenifundisha. Niliolewa na Zuberi, lakini siku ile niliyoingia nyumba hii nilipata wapenzi wawili. Ukitaka akae nawe zaidi, sitagombana. Asikae tu kwa kudhani simtaki.

Goti vipi?

Mwanao, anayelia,
Latifa

Wamaza, Jumatatu 11 Novemba

Mwanangu Latifa, aleikum salaam. Goti linauma, lakini leo nimecheka mpaka nimelisahau. Zile ulizoshona nilizijua: pindo limekwenda upande. Utajifunza.

Asubuhi, kabla barua yako haijafika, nilimwuliza Aicha, "Mke mwenzangu, utabaki nami?" Akafikiri, mdomo umejaa ndizi.

"Nitabaki, Bibi. Lakini Mama Latifa naye aje. Papa akisafiri, yeye anaogopa radi. Mimi ndiye ninamshika mkono."

Mtu mzima, Latifa!

Dady anampakia sasa hivi. Mawingu yamejaa upande wenu, na mtoto ananihimiza: anasema huwezi kuachwa peke yako.

Mama yako wa Wamaza