Mwite Batali

Gurei, Juba
Jumapili, 20 Februari 2011

Kwa dada yangu mpendwa Zilpah,

Mwezi ujao nitatimiza miaka miwili tangu asubuhi ile uliponifungia chapati kwenye gazeti nikapanda basi la Kampala. Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo wewe? Shemeji Philip na mgongo wake wanaendeleaje? Na mtoto je, meno ya mbele yameota? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Malaria ilinishika kabla ya Krismasi, ikaniachia. Jua la huku linamfuata mtu mpaka ndani ya nyumba, maji tunanunua kwenye lori, na mwili umechoka jinsi mwili wa mtu wa mjengo unavyochoka. Lakini nakula, nalala, na wiki hii nimecheka kuliko siku zote tangu nifike. Kicheko hicho ndicho kilichonikalisha chini niandike.

Najua hupokei simu zangu. Sikulaumu. Barua hii nampa Kawira, binti wa Kimeru anayefanya kazi kwenye benki hapa mjini. Anakuja likizo, na amesema atapitia Nakuru akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome yote, hata ukikasirika katikati. Mwaka juzi uliniuliza swali moja, ukalirudia, nami nikanyamaza kama jiwe. Uliniuliza kwa nini nimekupigia simu kutoka nchi ya watu kukuamrisha uache kumwita mwanao Achieng jina la Batali, na uishushe medali yangu ya Khartoum ukutani. Ulisema jina la mtoto si shati, kwamba mjomba akilichoka analivua. Ukakata simu. Leo nakujibu.

Maisha yangu ya ndondi unayajua kuliko mtu yeyote, maana yamepita kwenye karai lako. Mama alipofariki niliacha shule nikabeba magunia ya viazi sokoni, na mabega yale ya magunia ndiyo Mwalimu Job aliyoyaona akanivuta kwenye ukumbi wake. Wewe ulikataa. Ulisema Mungu amekupa ndugu mmoja tu, na huyo ndugu ana pua moja tu. Halafu niliposhinda mara ya kwanza ukaanza kunifulia bandeji za mikono, ukizianika kwenye kamba kama nepi, mpaka majirani wakauliza umejifungua lini. Nikawa bingwa wa mkoa mara tatu. Watu walikuwa wananisalimia mimi barabarani, lakini aliyekuwa akikesha kunikanda mbavu kwa maji ya moto ni wewe, na sijawahi kukuambia asante ya kutosha. Asante.

Mwaka wa 2004 nilipochaguliwa kwenda Khartoum hatukuwa na kaptula ya maana. Ukalikata pazia la marehemu mama, lile la maua mekundu, ukalishona kwa mkono huku tumbo la Achieng likiwa limefika mezani. Niliporudi nilikusimulia jinsi nilivyompiga bingwa wao, na jinsi watu wa upande wa nyuma, wale wasio na viti, walivyopiga kelele neno moja mpaka nikashuka ulingoni. Batal! Batal! Hakuna katika timu aliyejua maana yake. Mwalimu Job alisema hata kama ni jina la mboga, basi ni mboga wanayoipenda. Nami nilikuwa nimewainulia mkono kuwashukuru.

Nilikukuta umeshajifungua. Ukaniambia nilinong'oneze neno lile sikioni mwa mtoto, ukalitia i mwishoni ili likae vizuri mdomoni. Mwalimu wa nasari alipokuambia kwamba batili ni kitu kisichofaa kitu, ulimfuata darasani ukamwambia si batili, ni Batali, na maana yake ni mjomba wake.

Yaliyofuata unayajua. Mkono wa kulia ulivunjika, mfupa ukaunga vibaya, na bingwa akawa mtu wa kusukuma toroli. Kisha zikaja zile vurugu za uchaguzi na ukumbi wa Mwalimu Job ukateketea. Sikulia. Nilijiambia kwamba hata nikipoteza vyote, jioni ile ya Khartoum hakuna wa kuniibia.

Sasa sikia. Wiki yangu ya kwanza hapa nilikuwa nakunywa chai kwa Namukasa, mama wa Kiganda mwenye kibanda karibu na mjengo wetu. Sikujua Kiarabu cha Juba hata neno moja, akawa ananifundisha kwa kidole. Maji ni moya. Nzuri ni kweis. Asubuhi moja maziwa yalikuwa yameharibika. Akayanusa, akakunja uso, akayamwaga barabarani na kusema, batal. Nilimwomba arudie, akarudia. Kesho yake nikasikia nyanya zilizooza zinaitwa batal. Barabara yenye mashimo, batal. Mlevi aliyelala mtaroni, batal. Nilimuuliza Namukasa kama neno hilo halina maana nyingine. Akanijibu maana nyingine ya nini, mbaya ni mbaya tu, hata maziwa yanajua.

Dada, nilishindwa kumaliza chai. Niliirudia jioni ile tangu mwanzo, na kila uso uliokuwa unacheka sasa ulikuwa unanicheka mimi. Kumbe walikuwa wananizomea. Mgeni amekuja kumpiga mtu wao, wanamwambia mbaya, mbaya, na yeye mjinga anawapungia mkono! Na tusi hilo nimelibeba mpaka nyumbani nikamtia mtoto sikioni. Ndipo nilipokupigia simu. Sikuweza kukuambia sababu. Niliona afadhali unichukie mimi kuliko kila ukimwita mtoto wako usikie maziwa yaliyoharibika.

Hapa mjengoni sikumwambia mtu kwamba niliwahi kupigana. Nilikuwa Ezbon wa matofali, basi. Nikaishi hivyo mpaka Desemba, alipokuja msimamizi mpya, anaitwa Cirillo. Ni wa kabila la Wabari, kwao ni hapahapa, mtaa wa Juba Na Bari, lakini vita vilimpeleka Khartoum akiwa mdogo, na amerudi kwa mashua za mtoni pamoja na wenzake ili wapige kura yao ya kujitenga. Siku ya kwanza aliniangalia sana. Akazunguka akaniangalia kwa ubavuni. Akamuuliza mtu natoka nchi gani. Aliposikia Kenya akapiga makofi, akanionyesha kidole na kuniita Batal.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yake. Nikifika asubuhi, Batal. Nikipandisha ndoo ya zege, Batal. Wenzangu wakafurahi kama watu waliopewa sikukuu. Aliyezidi ni Yangi, mchanganya zege, aliyekulia ukimbizini Uganda na kujifunza Kiswahili huko. Yeye alikuwa ananitafsiria bila kuombwa. Ananiambia, "Mzee nasema wewe iko mbaya." Siku nyingine anauliza, "Kenya, wewe iko mbaya ya kawaida ao iko mbaya ya kuoza?" Niliendelea kupanga matofali. Wakati wa kuagana uliniambia mikono yangu sasa ikajenge tu, nami nilikuahidi. Lakini nakuambia kweli, zilikuwako asubuhi nilizomwangalia Cirillo kidevuni nikapima umbali.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tunamwaga zege la sakafu ya juu. Mji bado una furaha ya matokeo ya kura, watu wanapita wakiimba, na mke wa Cirillo, Victoria, alikuwa ametuletea sufuria ya asida, ugali wao, na samaki. Cirillo akamshika mkono, akamleta mpaka nilipokuwa, akanionyesha mbele ya watu wote kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Akasema kwa sauti, huyu ndiye yule Batal.

Niliweka toroli chini. Kwa Kiarabu changu cha kuokoteza nilimuuliza ni nini kibaya nilichomfanyia. Nikamwambia aje na timazi apime kuta zangu zote, na akipata moja iliyopinda aniite mbaya mpaka nife. Nikamwambia hata punda ana siku yake ya kupumzishwa matusi. Mikono yangu ilikuwa imeshapanda yenyewe, wa kushoto mbele, kidevu begani. Nadhani sikuipandisha mimi.

Kisha Cirillo, badala ya kurudi nyuma, akapiga kelele ya furaha. Alikuwa anaitazama mikono yangu. Akamwambia Victoria aone, aone mwenyewe, si ndivyo alivyomwambia? Akaanza kusema haraka kile Kiarabu chake cha Khartoum, mpaka Yangi aliyekuwa anatafsiri akaishiwa na mate. Mwisho Yangi akashika kichwa akaniambia, "Kenya, sisi nacheka bure. Kule Khartoum batal si mbaya. Kule iko bingwa."

Dada, ni maneno mawili. Khartoum lile la ubaya wanalivuta, na lile la bingwa wanalikata fupi. Yalipofika huku Juba mdomo wa watu ukayafanya kuwa moja, na moja hilo ni la maziwa. Cirillo hakujua kwamba sijui. Alisema niliitikia nikiwa ulingoni, nikawainulia mkono, basi akaamini ninalielewa. Uso wangu wa kununa alidhani ndiyo maringo ya mabingwa.

Jioni ile ya Khartoum alikuwako. Aliparamia ukuta na vijana wenzake, kwa kuwa hawakuwa na kiingilio. Nilipomwangalia kama nisiyeamini, akafanya jambo ambalo mtu hawezi kulibuni. Alipiga goti moja pale kwenye zege bichi, akafuta ngumi zake mbili mapajani, polepole, kisha kwa kidole akachora maua kwenye suruali yake. Ua hapa, ua pale.

Kaptula yako, Zilpah.

Hapa kuna jambo nililokuficha. Nilikuambia watu wa Khartoum waliisifu ile kaptula. Ulikuwa uongo. Waliicheka tangu nilipovua koti. Cirillo mwenyewe amekiri kwamba yeye na wenzake walisema huyu amekuja na pazia la mkewe. Raundi ya pili nilipigwa konde la tumbo nikapiga goti, na hili halijui hata Mwalimu Job: nilitaka kubaki pale. Mwamuzi alikuwa anahesabu nami moyoni namwomba aharakishe. Sikuwa nimeumia sana. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naona aibu ya maua.

Cirillo anasema nilipofuta glavu kwenye yale maua, kicheko kilikatika. Anasema mmoja wao aliwaambia huyu ni kama sisi, amekuja na kitambaa kilichokuwepo. Katika mji ule, alisema, wao wakimbizi wa Kusini hawakuwa na mtu wa kumshangilia kwa miaka mingi, na walikuwa wanaogopa hata kupaza sauti. Ndipo wakaanza. Batal! Nami nikasimama bila kujua ninachoambiwa. Mengine yote niliyokusimulia ni kweli.

Victoria alicheka mpaka akaketi kwenye mfuko wa saruji, halafu akaniwekea samaki mkubwa kuliko wa msimamizi. Namukasa nilipomweleza alisema sawa, lakini yale maziwa yalikuwa mabaya. Yangi sasa ndiye anayeniita Batal kwa sauti kuliko wote, na wapita njia wanageuka kumtazama mtu anayetukanwa hivyo na anachekelea. Wacha watazame.

Nisamehe, dada. Nilikuachia wewe uchungu ambao ulikuwa wangu, na kumbe haukuwa hata uchungu. Irudishe medali kwenye msumari wake. Kama kipande cha lile pazia kimebaki, usikitupe, nakitaka. Mwalimu wa nasari ukimkuta njiani, mwambie ulimjibu sawasawa siku ile, ila ulisahau kumwambia kwamba maana yake ni wewe pia, uliyeshona.

Shemeji Philip msalimie, asinyanyue mitungi. Mwalimu Job mpe mkono wangu, umwambie haikuwa mboga. Salimia wote wa ploti, hata yule wa mlango wa kona asiyeitikia salamu.

Nyumba hii tunayojenga inatakiwa iwe tayari kabla ya sherehe zao za uhuru, mwezi wa saba. Zikiisha sherehe, nami nimeishiwa na kazi hapa. Nitegemeeni nyumbani wiki ya mwisho ya Julai. Sitapiga hodi. Nitasimama langoni na kumwita mtoto kwa jina lake lile lile, kwa sauti ya watu wasio na viti. Tafadhali awe amelizoea tena, aitike.

Ndimi ndugu yako mmoja, na pua yake moja,

Ezbon