Michembe Isiyoiva

Baba Mwasiti,

Nimekwenda kutafuta kuni. Tangu pori lifyekwe kuwafukuza mbung'o, kuni ziko mbali, usinitazamie kabla ya alasiri. Ugali nimeufunika. Kilichomo kwenye chungu usikile!

Ukoko wa ugali, pumba na maganda ya karanga nilivitwanga, nikafinyanga vipande vya kuwashia moto. Asubuhi mama yako kaviloweka, kavichemsha akidhani ni michembe, vile viazi vyetu vikavu. Kuni zetu za mwisho zimekwisha kwa kupika kuni! Nikampigia kelele. ~~Angeuliza kwanza.~~ Kosa ni langu, nilivianika kwenye mkeka ule ule wa viazi, na macho yake tunayajua.

Nikamwuliza, "Mama, kwani hukuonja?"

Akasema, "Nilionja, mwanangu. Nikanyamaza nisikuaibishe."

Mabonge yaliyobaki chunguni yaanike tena, yatawaka. ~~Mwambie nimemsamehe.~~ Mwambie namwomba radhi, jioni nitampikia michembe ya kweli, kwa karanga.

Lakini tangu asubuhi najiuliza: miaka sita nampikia, amenyamazia vyungu vingapi?

Mkeo,
Mama Mwasiti