Saa ya Mkwe wa Riruta

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua asubuhi. Mvua je? Mahindi yamefika wapi, au ndege wameshakula yao na yako? Mimi huku Kabiria ni mzima wa mwili. Saluni inaenda, vichwa vya kusuka havikosi. Barua hii nimempa jirani yangu anayekuja Kitui kwa mazishi, kwa sababu maneno haya siwezi kukuambia kwa simu ya mwenye duka, watu wote wakitega masikio. Tena nataka uyasikie kwangu kabla mdogo wangu Mutua hajafika na yake.

Unajua Mutua anataka kumwoa Wambui, binti wa yule mwenye nyumba za kupangisha kule Riruta. Msichana mwenyewe hana neno. Tabu ni baba yake. Dada yake Wambui ameolewa Lavington, kwa matajiri, na mtu anayeitwa Gitau, na siku Gitau alipoleta mahari alimvisha mzee saa ya Uswisi ya rangi ya dhahabu. Tangu hapo mzee hutembea na mkono wa shati umekunjwa, hata baridi ikiwa ya kuuma. Basi Wambui akamwambia Mutua kwamba blanketi na koti hazitatosha, baba atampima na Gitau. Mwanao akakosa usingizi.

Nilimwambia, "Mutua, wewe unapaka nyumba za watu rangi. Mpelekee saa ya kawaida, ajue umetoka kwa watu wa kweli."

Akanijibu, "Dada, wewe hujawahi taka mtu akuheshimu."

Huyo ndiye niliyemlea katika chumba changu tangu amalize shule, yeye kitandani, mimi kwenye mkeka. Jumamosi akaniomba nimsindikize mjini, nami nikaenda, na hilo ndilo kosa langu lote katika habari hii.

Tuliingia kwenye vibanda vya ghorofani, River Road. Muuzaji alikuwa kijana mwenye mdomo mwepesi. "Mnataka saa ya kuvaa ama ya kuonyesha watu?" akauliza.

"Ya kupea mzee," Mutua akasema.

"Ya father-in-law? Hizo ndio zinaenda sana." Akatoa moja chini ya meza, imefungwa kwa soksi. "Hii ni copy, siwezi kukudanganya, lakini ni copy ya kwanza. Skia uzito. Ona vile mkono ya sekunde inateleza. Na huku nyuma iko na namba, kama tu zile za kwao Uswisi."

"Ikiingia maji?" nikauliza.

"Kwani mzee anaenda kuogelea, mama?"

Wakacheka, na Mutua ndiye aliyecheka zaidi. Alichagua mwenyewe, akalipa mwenyewe. Mimi hata kuishika sikuishika.

Siku ya mahari tulikwenda Riruta na Mutua watu wachache, mimi, Mjomba na mchungaji wetu. Tulipokelewa vizuri, na Gitau naye alikuwepo, amekaa karibu na mzee. Harufu ya nyama ilikuwa imejaa mpaka kwenye viti. Mutua akamvisha mzee saa kwenye mkono wa pili, na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha ndugu wa huyo mzee, mtu mwenye miwani na furaha nyingi, akaomba zote mbili ziwekwe kwenye sahani zionekane. "Mungu ametupatia wakwe wawili wa kiwango," akasema. Akazigeuza, akasoma namba ya nyuma ya moja. Akasoma ya nyingine. Akarudia polepole, sauti ikishuka. Zilikuwa namba moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mama, saa ya kweli kila moja ina namba yake, kama kitambulisho. Watu wawili hawawezi kuwa na kimoja. Kila mtu sebuleni alielewa kwamba zote mbili ni za bandia, zimetoka kwenye soksi moja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwangalia Gitau.

Gitau akainuka. Akazichukua, akazigeuza mkononi hata yeye mwenyewe hangeweza tena kujua ipi ni ipi, akamvisha mzee moja. "Hii ndiyo yangu," akasema. "Hiyo ingine ni ya mtaani." Mzee akaitikia kwa kichwa. Alijua, nakuambia alijua, lakini nyumba ya Lavington si ya kupoteza. Tukaambiwa tumetukana wazee, turudi na mbuzi wa faini. Hatukupewa hata maji ya kunawa mikono.

Mutua alirudi Riruta peke yake baadaye na mbuzi wake. Jioni akaingia kwangu akiimba, akakaa, akala ugali wangu na nyama.

"Nimesamehewa, Dada."

"Ulisema nini?"

Akamega tonge. "Nilisema ni wewe ulinunua. Eti nilikupea pesa ya saa ya ukweli, ukakula ingine ukaniletea hiyo."

Nilidhani anatania. Nikamwambia arudie, akarudia huku anatafuna. "Ilikuwa lazima mtu aanguke, Dada. Wewe hutaishi na wao. Na wamesema kwa harusi usikuje, sababu mwizi hawezi kaa kwa high table."

Sikumpiga. Nilimwondolea sahani, akaniuliza kama nyama imeisha.

Mama, imeniuma na bado inaniuma. Wanawake wa Riruta wanaosukwa kwangu wameanza kubeba mikoba yao mapajani.

Nisalimie dada yangu mdogo na mtoto wake, na Shangazi wa kule kisimani, na baba mdogo ambaye najua atasema ni mji umeniharibu. Mwambie nimemsikia kabla hajasema.

Sikuzuii kwenda harusini. Nenda, vaa lile gauni la kanisani, ule wali wao ushibe. Mutua ni mwanao na Wambui atakupenda. Lakini Gitau anapenda kuongea, na mbele ya watu lazima mtu atauliza yule mwizi wa saa ni mtoto wa nani. Mutua ataangalia chini. Sikuombi unitetee, maana ukinitetea watamnyima mke. Nakuomba tu useme ni wako.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Nduku