Mbegu za Manjano, Msimu Huu

Waithaka, 3 Machi 1971

Selpher mke wangu,

Umeniandikia kwamba mbegu za manjano zimeanza kuoza ndani ya mfuko wa nailoni. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuambia uufunge kwa sababu ya panya. Zitoe leo. Tupa zilizolainika, nzima uzianike kivulini siku mbili, kisha uzifukie katika mchanga mkavu mle ghalani na kuzifunika kwa majani tu, zipate hewa. Daftari langu linaonyesha tulizichimba tarehe 12 Januari, kwa hiyo nyingi zitapona.

Huku mvua bado. Mwenye nyumba wangu, Mzee Thuo, alikuwa akinitania, "Ogutu, punguza kukohoa, unanishtulia kuku!" Tangu Jumatatu hanitanii tena, kwa maana aliona damu kwenye leso yangu. Daktari anasema mapafu yote mawili yamekwisha.

Mvua ikinyesha, usiningoje. Mama atakukataza kupanda kabla mwenye boma hajatia mbegu ya kwanza. Mwambie Zedekiah mdogo wangu aitie yeye. Najua kwetu ndugu hufanya hivyo kwa niaba ya marehemu tu. Afanye hivyo hivyo.

Mumeo,
Nashon Ogutu