Jina Lako Kwenye Makala Inayokupinga

Mwalimu,

Shikamoo. Leo sitangoja uitikie, maana nina jambo la kukubishia.

Zile nundu kwenye mashina ya nyasi za bahari kule Mtongwe si mafuta ya meli. Nimesema. Ulitufundisha kwamba ni mafuta tangu tukiwa wasichana wa sare huku Kisauni, ukatupeleka maji yakiwa yametoka, viatu mkononi. Ulipasua nundu moja kwa ukucha ukaniwekea puani. "Nusa, Dama. Si mafuta haya?" Nikakwambia nasikia harufu ya bahari tu. "Basi pua yako imeziba." Wenzangu walinicheka njia nzima mpaka kwenye feri.

Mwaka wako wa mwisho, ulipokuwa huwezi tena kushuka ufukweni, ulinituma mimi. Nilizisaga nundu maabara, nikatoa vinasaba, nikavisoma herufi kwa herufi. Nyingi zilikuwa za nyasi yenyewe, lakini katikati yake mlikuwa na herufi za kiumbe mwingine. Wenzangu wakasema ni uchafu umeingia, nifute. Sikufuta. Nikarudia kwa nundu nyingine, akawa yule yule. Nikapima mashina yasiyo na nundu, hayupo. Nikamlinganisha na viumbe ambao watafiti wengine wameshawasoma: ni kimelea, anaishi ndani ya seli za mmea, na jamaa zake ndio wanaovimbisha mizizi ya kabichi. Kabichi, Mwalimu, ile uliyokuwa ukimgombeza mkeo, Mama Kadzo, kwa kuipika.

Ulifariki kabla sijakusomea majibu, na hapo ndipo taabu yangu ilipo. Makala iko tayari. Swali lilikuwa lako na ufukwe ni wewe uliyenionyesha, kwa hiyo jina lako ndilo la kwanza. Lakini nakujua. Hukuwa mtu wa kutia sahihi kwenye jambo usiloliamini. Hata kadi ya kumuaga mwalimu mkuu uligoma kuitia, kwa sababu ilisema "kipenzi cha wote".

Basi Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Mjambere kumuuliza mkeo. Chumba cha mbele amempangisha msusi, na kwenye kiti chako sasa wanasukiwa wanawake. Ungenuna wiki nzima. Mama Kadzo alinisikiliza huku akimenya viazi, nami nikamweleza wazi kwamba makala inasema ulikosea.

"Mwandike," akasema. "Mwaka ule wote wa ugonjwa, siku alizobishana nawe ndizo alizomaliza sahani."

Nililia pale pale mbele ya wateja wa msusi, na sikuona haya.

Nimeituma asubuhi hii. Jina lako la kwanza, langu la pili. Kwamba niko sahihi, sina wasiwasi hata kidogo, nimerudia kazi ile mpaka mashine imenichoka. Linaloniuma ni kwamba nimekushinda na hukuwepo kukataa.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nakuahidi, akitokea mtu kusema mimi ndiye niliyekosea, nitambishia mpaka jasho limtoke, kisha nitakaa niisome data yake yote. Na wewe, kama bado hukubali, njoo hata ndotoni uniambie pua yangu imeziba. Nitafurahi kukusikia.

Mwanafunzi wako mbishi,
Dama