Siku Nilipofuta Foleni kwa Ajili ya Mpira

Mpendwa wifi,

Nina neno la kukuambia, na najua ungelifurahia mno, ndiyo maana nimekaa nalo siku zote hizi. Nimeangalia mpira. Si kupita tu na ndoo huku nikiwacheka. Nimekaa, nimeangalia, nimepiga kelele.

Wewe unanijua. Kaka yako aliponiacha na Shija mgongoni akaenda kuanza maisha na mwingine, ndugu zenu wote walinyamaza kimya. Sijalisahau hilo, na sitalisahau leo. Wewe peke yako ulinifuata Tinde, ukanipeleka kule Geita, mwaloni kwenye kusaga mawe ya dhahabu, ulikokuwa unapika, ukanipa nyundo. "Gonga mawe, wifi, hasira zipo, mawe yapo." Niligonga miaka miwili. Mwaka wa tatu nikapewa ubao wa foleni, kwa sababu nilikuwa sikosei hesabu.

Ubao ule ndio mwalo wenyewe. Mawe ya kila mtu yapo kwenye viroba vinavyofanana, makarasha ya kusagia ni mawili, na kila mwenye mawe anataka asage leo. Daftari hawalikubali, watasema umemwandika mtu nyumbani kwako. Bati jeusi na chaki, kila mtu anaona, basi. Zamu moja ikiruka, watu wanashikana mashati na karani anafukuzwa kabla jua halijazama. Kwa hiyo miaka sita nilikaa chini ya bati lile, chaki ndani ya sidiria, sili na mtu, sicheki na mtu. Ulikuwa unaniletea ugali palepale huku redio ya mpira imekuning'inia shingoni. "Njoo ukae na watu, wifi." Nakujibu, nikiondoka watachezea majina. Unacheka mpaka mwiko unatikisika: "Utakufa na hiyo chaki, tukuzike nayo."

Sasa sikia. Timu yetu ya taifa ilikuwa Kombe la Mataifa ya Afrika, mechi ya mwisho ya kundi, na Tunisia. Makarasha yamezimwa mapema, watu wote wamejaa kwenye banda lako la zamani, runinga juu ya friji. Mapumziko tuko nyuma bao moja. Likazuka zogo la kufa mtu.

"Tumetoka hao, nendeni mkalale!"

"Tutoke wapi? Tukisawazisha tunapita!"

"Kwa pointi mbili? Ngosha, pointi mbili zinampitisha nani?"

Masanja, yule fundi wa karasha uliyekuwa unamwekea ukoko, akapaza sauti: "Mwiteni Mama Shija! Yule hata kokoto anazijua kwa idadi!"

Nilikwenda kuwanyamazisha, wifi. Nakuapia. Lakini swali lilikuwa la hesabu, na hesabu ikikaa vibaya mimi nawashwa. Nikauliza, wa tatu wangapi wanapita? Wanne kati ya sita. Basi tunatafuta wawili tu wa kuwa chini yetu. Nani wengine wana mbili? Komoro na Angola. Komoro hawajafunga hata moja, wamefungwa mawili. Hao tumewapita tukisawazisha. Angola wamefunga mawili, wamefungwa matatu. Sisi tukitoka sare ya moja kwa moja tutakuwa tumefunga matatu, tumefungwa manne. Deni la bao moja, wao moja, sisi moja. Ila sisi tumefunga zaidi.

"Sielewi," akasema Masanja. "Andika."

Nikaenda kwenye bati, wanaume nyuma yangu kama kwaya, nikachukua pindo la kanga nikafuta nafasi ya kuandikia. Nikaandika mistari mitatu, nikapiga duara. Bao moja linatosha!

Kipindi cha pili hakijakaa vizuri, tukasawazisha. Niliruka, wifi. Mimi. Nilimkumbatia mtu ambaye nilishamrudisha nyuma ya foleni mara tatu kwa ujanja wake. Nilirudi nyumbani sina sauti.

Asubuhi nikafika kazini, nasalimia huku na huku, "mwangaluka, mwangaluka", nikainua macho. Juu ya bati: Tanzania, Angola, Komoro. Chini yake hakuna kitu. Nilikuwa nimefuta zamu ishirini na tatu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikumbuka zamu kumi na moja vizuri. Kumi na mbili zilikuwa hewa. Nikauliza kama kuna aliyepiga picha. Hakuna, jana simu zote zilikuwa hewani zinashangilia. Na wenye mawe wanaanza kufika, mmoja mmoja. Nikawaambia ukweli nikiwa nimesimama, maana nilijua sitakaa tena pale. Nikasubiri matusi.

Masanja akajikuna kichwa. "Jamani, mtu asiseme nafasi yake. Aseme nani yuko mbele yake."

Halafu mama mmoja wa Nyasubi, mgeni kabisa, hata jina lake sikulijua vizuri, akasema: "Mimi wa mwisho. Mbele yangu ni huyu baba mwenye kofia." Angeweza kujitia wa tano, nani angembishia? Baba wa kofia akamtaja wa mbele yake. Yule wa ujanja akamtaja wake, akajirudisha wa kumi na tisa bila kuambiwa, akanikonyeza: "Leo nakuonea huruma, kocha." Nikaandika kutoka chini kwenda juu hadi majina yakatimia ishirini na tatu. Hakuna jina lililogongana. Zile kumi na moja zangu zilikaa sawasawa.

Nililia mbele yao. Wakasema ni vumbi.

Raundi iliyofuata wenyeji walitutoa kwa bao moja. Niliangalia yote, nimekaa katikati yao, nimekula kwenye sinia lao.

Wifi, siku tuliyokuzika nilifika kwenu Samuye saa nne asubuhi, saa kumi jioni nikapanda gari kurudi, udongo haujakauka, kwa sababu ya bati. Ndugu zenu walinisema. Niliwachukia kwa hilo. Walikuwa na haki, na wewe uliyenipa kila nilicho nacho ulistahili zaidi ya saa sita zangu. Nisamehe.

Wiki iliyopita nilimpa Masanja chaki nikaja huku kwenu. Leo ni siku ya nne. Nimepalilia mahali ulipolala, nimelala chumba kimoja na mama yako, tumezungumza habari zako mpaka tukachoka. Simu ya mwaloni imeita mara moja tu. Nilidhani ni ugomvi wa foleni. Walikuwa wamekaa wanakula, wanataka kujua kama nilifika salama.

Pumzika, wifi. Asante kwa watu ulionipa.

Ni mimi wifi yako,
Mama Shija