Nyapara wa Tessick

Ladywood, Birmingham
14 Novemba 1970

Kwa Dada Kemunto,

Pokea salamu za mdogo wako. Ni mzima, ila kikohozi cha nchi hii kimenipenda kuliko wenyeji wake. Wewe je, na baridi ya huko mbugani?

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani wanitania. Kijiji chenye barabara moja, ghala la ngano, duka na shule yako, kimetupwa katikati ya nyasi za Kanada, nacho kina serikali yake. Madiwani wawili na mkuu wao. Kikao kizima kujadili mbwa aliyelala barabarani. Na mkuu huyo cheo chake ni "overseer". Dada, neno hilo kwetu lina tafsiri moja: nyapara. Baba alichuma majani chai Kericho chini ya nyapara, na mgongo wake waijua tafsiri hiyo. Kewal, ninayeishi naye chumba kimoja, anauliza kama huyo wenu hupewa kiboko au hujinunulia.

Achana na kichekesho hicho. Shule za huku zinatafuta walimu. Njoo tuishi pamoja.

Mdogo wako,
Bethuel

Tessick, Kanada
12 Desemba 1970

Mdogo wangu Bethuel,

Nashukuru u hai, na ulimi wako haujaugua. Mimi sijambo, theluji imefika madirishani.

Mwambie Kewal kiboko sijapewa bado. Nyapara wetu amehamia mjini kwa binti yake, kiti chake hakuna aliyekitaka, nikachaguliwa mimi bila mpinzani. Mwezi wa pili tunapiga kura: kijiji kiendelee kujitawala, au kivunjwe, kiwekwe chini ya wilaya na shule ifungwe. Diwani mwenye duka anataka kiendelee. Mwenzake, muuza matrekta, anataka kivunjwe. Kura ya tatu ni yangu.

Dada yako,
Kemunto

Ladywood, Birmingham
18 Januari 1971

Dada,

Habari za afya tuziache leo.

Wazungu wasiotaka kuzika kijiji chao wenyewe wametafuta mkono mweusi wa kuchimba kaburi, nawe unaliita hilo uchaguzi. Umetoka katika ukoo uliosimamiwa, ukapanda ukawa msimamizi: wa mbwa, wa theluji, wa wakulima wasioweza kuionyesha Kenya kwenye ramani. Jumamosi nilihutubia ukumbini hapa. Nilisema madaraka ni ya watu, si ya vibaraka, na makofi yakatikisa madirisha. Ningeona haya kumtaja dada yangu.

Basi kaburi hilo lichimbe kweli. Piga kura kivunjwe. Shule ikifungwa hutakuwa na sababu ya kubaki; nimekwisha kutupatia nyumba Stechford, karibu na stesheni. Ukipiga kura nyingine, usiniandikie tena.

Mdogo wako,
Bethuel

Tessick, Kanada
20 Machi 1971

Bethuel,

Mimi ni mzima, ingawa hukuuliza.

Barua yako imefika leo. Ililala kwenu muda wote wa mgomo wa posta, na nikujuavyo uliwahutubia wagomaji wasilegee. Hawakulegea. Kura tulipiga mwezi uliopita.

Hukunifunulia kitu. Walinichagua kwa kuwa waliamini nitaondoka, na anayeondoka haoni tabu kufunga mlango. Muuza matrekta alinisogezea kalamu kabla hata ya kura, akasema, "Utafurahi kurudi kwenu, mwalimu." Nikamwambia aketi, hajapewa ruhusa ya kusema. Kisha nikapiga kura kijiji kiendelee.

Mtu yule namdharau. Wewe nakudharau zaidi kidogo. Yeye alitaka kuua serikali ya watu wachache ili apunguziwe kodi. Wewe, unayepigiwa makofi kwa ajili ya madaraka ya watu, ulitaka ife ili upate wa kukupikia Stechford.

Nyumba hiyo waachie wengine. Nina darasa Jumatatu. Na ukiandika, uanze kwa kunijulia hali, kama ulivyofunzwa.

Dada yako,
Nyapara wa Tessick

Ladywood, Birmingham
9 Aprili 1971

Dada,

Hujambo? Na shule, haijambo?

Mdogo wako,
Bethuel